Nilisema Ni Betri

(Nimeichapa kutoka daftari langu la miaka ya tisini, nilipokuwa dereva kati ya Banissa na Wajir. Sijabadilisha kitu.)

Jumanne, Wajir, baada ya magharibi. Joto halijapungua na upepo umekataa kabisa kuja. Nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba ya kaka yangu. Wanaume wamejaa kwenye mikeka kule mbele, wanasoma Kurani. Niliwaambia naenda kutawadha.

Leo wamemzika Nur bila mimi.

Nur alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na hatukuwa na mwingine. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, ndiye aliyenizaba kofi nilipotaka kuacha shule. Ndugu wa damu ndiye anayeshuka kaburini kumpokea maiti, na nafasi hiyo ilikuwa yangu. Ameshuka binamu yetu.

Nataka kuandika nilivyochelewa, bila kujipendelea. Kiswahili ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia shuleni Garissa, kwa hiyo nitaandika kwa hiyo hiyo.

Habari ilinikuta Tarbaj asubuhi na mapema. Tulikuwa tumelala pale, mimi na Dagane, mwenzangu wa safari kwa miaka sita, tukitoka Banissa. Tukiwa kwenye chai, askari wa redio ya kituo cha polisi akaja mwenyewe kutuambia: Nur amefariki alfajiri, atazikwa baada ya adhuhuri. Tarbaj hadi Wajir si mbali. Hata kwa gari letu, dizeli kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne, ningefika na muda wa kumwosha.

Nikawasha. Injini ikashika, ikakohoa mara mbili tatu, ikafa. Nikajaribu tena. Stata ilizunguka kwa nguvu zake zote lakini injini haikushika, na bomba halikutoa moshi hata kidogo.

Dereva yeyote wa dizeli anajua pa kuanzia hapo. Stata ikizunguka vile, betri ni nzima. Bomba lisipotoa moshi, mafuta hayafiki kwenye injini. Mimi nilijua hivyo. Dagane naye alijua, akaniambia kwa upole, "Walaal, ndugu yangu, tuangalie mafuta kwanza."

Nikamkatiza. Nikamwambia ni betri, tena betri ni kazi yake, na aniambie lini mara ya mwisho aliitia maji.

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu mafuta nilitia mimi.

Tukafungua vichwa vya betri, tukavisugua. Gari halikuwaka. Tukaazima betri ya lori la mwenye duka, lori ambalo lenyewe limekaa juu ya mawe tangu kiangazi kilichopita, tukaibeba juani wawili. Stata ikazunguka kwa kasi zaidi, injini kimya. Nikaziendea plagi za kupasha injini joto, nikazifungua moja moja, huku naropoka. Nilimlaumu Dagane, nikamlaumu tajiri wetu kwa kununua mkweche, nikailaumu barabara.  Dagane alikuwa ananipa spana kabla sijaiomba, na hilo likanizidishia hasira.

Karibu na adhuhuri yule askari alirudi. Wajir wanauliza, wakungoje?

Maiti hawekwi kwenye joto kama hili. Nilisimama pale na mikono yangu ya grisi, nikasema wasiningoje. Askari akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sidhani kama nimewahi kutamka neno zito kuliko lile.

Baada ya hapo sikuwa na wa kumgombeza tena. Nikafungua skrubu ya chini ya chujio la dizeli, yakatoka maji. Maji matupu, yenye udongo mwekundu.

Hata hayajaisha kutiririka, nilikwisha jua yametoka wapi. Jana njiani tulikuta jerikeni tupu imesimamishwa katikati ya barabara. Kila dereva wa huku anajua maana yake: kuna wafugaji karibu, wana kiu, na hakuna mwenye imani anayeikwepa. Ukiwa na haraka humimini, unawaachia jerikeni yako iliyojaa maji na kuchukua yao. Nikafanya hivyo, na hilo silijutii. Lakini ile yao ilikuwa na maji ya tope yaliyobaki chini. Nilipofika penye dizeli nikaijaza bila hata kuipindua, maana nilitaka kuwahi Tarbaj kabla ya giza. Jioni nikaimimina kwenye tangi kwa mkono wangu, Dagane akiwa anaswali. Usiku kucha maji yakatuama ndani, kwenye kitako cha tangi.

Tulimwaga tangi lote, tukasafisha chujio, tukatia dizeli iliyokuwa imebaki kwenye lile lori, tukapiga pampu ya mkono mpaka hewa ikaisha kwenye mipira ya mafuta. Gari likawaka. Kazi yote haikuchukua hata muda wa saa mbili. Tungeanzia pale Dagane aliposema, ningemwosha kaka yangu kwa mikono yangu.

Njia nzima nilikanyaga mafuta hadi mwisho.

Tulifika alasiri ikikaribia. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, watu wanakung'uta kanzu zao. Niliomba dua na machozi hayakuja. Yalikuja baadaye, nilipoviona viatu vya Nur mlangoni kwake, kimoja kimepinduka.

Halafu adeer Hassan, mdogo wake marehemu baba, akanishika bega mbele ya wanaume wote na kuniuliza gari lilikuwa na nini.

Nikasema ni betri.

Wote wakamgeukia Dagane, kwa sababu wote wanajua betri ni kazi ya nani. Adeer hakupaza sauti. Alisema tu, "Dagane, mtu anakosa kumzika ndugu yake kwa sababu ya betri?"

Dagane akainamisha kichwa. "Ni kweli, adeer. Nilizembea. Mnisamehe."

Hakunitazama. Sijui alinihurumia kwa msiba wangu au alinidharau, na akinidharau ana haki. Mimi nilinyamaza, nikaendelea kupokea pole za watu.

Husemwa nyani haoni kundule. Mimi langu nililiona tangu asubuhi.

Sasa hivi nasikia vikombe. Dagane ndiye anayewapitishia watu chai, amehangaika hivyo tangu tufike, na hajala. Kuna mzee mmoja amekataa kikombe chake na kumwomba mtu mwingine amletee. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Kesho baada ya swala ya alfajiri, wazee wakikaa, nitasimama niwaambie yalikuwa maji, na mkono ulioyatia ni huu. Niwaambie pia kwamba Dagane alinionyesha mapema nikamfokea.

Nimeyasoma tena niliyoandika hapo juu. Kutoka hapa hadi kwenye mikeka ni hatua chache, wazee wako pale, na Dagane yuko pale na birika mkononi.

Kwa nini nimeandika kesho?