Watani Wawili Mbele ya Kompyuta Moja

...na si wa pili, shajara yangu, wanafunzi wa mume wangu wamekuwa wa kwanza! Jumamosi, Morogoro. Ukungu umelala juu ya Uluguru tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki, lakini mimi naona jua tupu.

Shabani wangu (bado naona raha kuandika "wangu") anafundisha kompyuta sekondari. Huwapeleka wanafunzi kwenye mashindano ya kuandika programu, watatu kwa kompyuta moja, makusudi wajifunze kufanya kazi pamoja. Mara iliyopita walishika mkia. Mkuu wa shule akasema wakirudi mikono mitupu tena, klabu inafungwa.

Siku ile mume wangu alirudi amenywea, hata pilau langu hakulimaliza. Kwenye timu yake, Zuhura wa kidato cha pili aliliona kosa la Iddi, akanyamaza. Iddi yuko kidato cha nne. Angemkosoaje mkubwa wake?

"Kompyuta nimewafundisha," akasema Shabani. "Kuambizana ukweli nimeshindwa."

Nikamuuliza watoto hao kwao ni wapi. Zuhura Mluguru wa Kinole, kama mimi. Iddi Mnyamwezi, kama Shabani.

"Mume wangu, Mluguru na Mnyamwezi si watani wa jadi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Maana nyumba yetu ndivyo inavyokwenda. Chumvi ikizidi ananitania, akikosea namtania, na hakuna anayenuna. Nampenda mno mtani wangu huyu!

Basi akawaruhusu: mbele ya kompyuta, utani mtupu.

Leo nilikaa nyuma ya ukumbi wa mashindano. Muda unayoyoma, programu yao inazunguka tu, haitoi jibu. Iddi anaandika. Zuhura kimya. Ya Rabi, nikasema, yale yale.

Mara nikasikia: "We Mnyamwezi, asali ya kwenu Tabora imekugandisha ubongo? Hujaiambia isimame wapi!"

"Na wewe Mluguru, umeshuka lini mlimani ukaijua kompyuta?"

Lakini huku anajibu, anavuta kiti pembeni kumpisha. Zuhura akarekebisha mstari mmoja. Neema, mwenzao wa tatu, akahakiki huku anajizuia kucheka.

Jibu likatoka!

Nililia mbele za watu, sijali. Wa kwanza! Klabu haifungwi. Shabani alinishika mkono hadharani na wanafunzi wakapiga vigelegele kama harusi imeanza upya.

Jioni hii mama yake Zuhura amepiga simu kutoka Kinole. "Mwalimu, mwanangu umemfanya nini? Huyu hata salamu alikuwa anaitoa kwa kunong'ona. Leo kanipigia, kaongea mpaka salio likamwishia!" Tukasikia analia. "Njooni niwaone."

Nikaichukua simu mimi.

"Shikamoo mama. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda huko, mimi na yeye, tuje tukupe mkono wa hongera."