Dakika Tano za Mzee Mvua

Jumamosi, katikati ya Julai. Ruiru imeamka na manyunyu na ile baridi ya kuingia kwenye mifupa, na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, jua halijajionyesha. Nimevaa sweta mbili. Mke wangu amechoka kunisikiliza, kwa hivyo nimekuja kujisemea hapa kwenye blogu, ambako wasomaji wangu ni shemeji yangu na wengine wachache wasio na haraka.

Moyo wangu ni mzito leo.

Kwa wale wasionijua zamani: kabla ya kuuza rangi na misumari, nilikuwa DJ wa sinema. Nilikaa kando ya televisheni katika banda la video pale Mugutha, nikipunguza sauti ya wazungu na kuwaeleza watu kwa maikrofoni kinachoendelea. Nilikuwa sauti ya polisi, ya mwizi, ya bibi arusi na ya mbwa. Nilikuwa hodari, na sijigambi, maana ndicho kitu pekee nilichowahi kukiweza.

Kulikuwa na mwongozaji mmoja Mwingereza ambaye sisi tulimwita Mzee Mvua, kwa sababu katika sinema zake ilinyesha tangu mwanzo mpaka mwisho. Jina lake halisi lilikuwa likitokea kwenye skrini watu wakiwa wameshainuka, wanasukumana mlangoni. Sinema yake ya kwanza ilinifikia kwa makosa. Muuzaji wa soko la Thika aliichanganya na za karate.

Ilikuwa Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani, banda limejaa, na humo ndani hakuna hata ngumi moja. Kuna mzee aliyekuwa mchimba makaa. Amekosana na mwanawe, kijana ameondoka, na mzee amekataa katakata kuhamia kwa binti yake, kwa kuwa kijana akirudi hatajua pa kumpata. Miaka inapita. Mvua inanyesha. Watu wakaanza kunung'unika na kunipigia miluzi.

Katika dakika tano za mwisho, mama mmoja jirani anabisha hodi. Anamwambia mzee kwamba mwanawe alikufa zamani, akazikwa na watu wasiomjua, na sasa aache kungoja. Mzee hajibu neno. Anafunga mkoba, anafunga nyumba, anatembea kwenye mvua mpaka haonekani tena.

Kiingereza chenyewe kilikuwa chepesi. Nilikielewa chote.

Lakini niliziangalia zile nyuso zilizonuna, nikabana pua na kusema kwa sauti ya yule mama: "Mzee, vizuri hukuhama! Kijana wako ameshuka stesheni saa hii, anauliza kama bado unakaa nyumba ile ile!" Mzee alipofunga mkoba, nikasema anampelekea mtoto koti asinyeshewe. Banda lote likalipuka kwa shangwe. Mama mmoja wa mstari wa mbele alilia mpaka akajifunika uso kwa leso. Nilirudi nyumbani nikiona nimefanya kazi ya Mungu.

Yule mama aliyelia ni Mama Wekesa. Alitoka Bungoma kuja kuchuma kahawa huku kwetu, akapanga chumba kwenye ploti moja ya vyumba vya kukodisha huko Gatongora. Wekesa, kifungua mimba wake, aliondoka hapo siku waliyogombana, na tangu hapo hajaonekana wala kusikika. Mama aliirudia ile sinema Jumapili nne. Mpaka leo ananiita DJ.

Sasa ploti inabomolewa ijengwe ghorofa. Wapangaji wengine wamehama, maji yamekatwa, mabati ya upande mmoja yameng'olewa, naye alikuwa bado amekaa mle ndani peke yake na jiko lake. Binti yake, Nanjala, ameolewa Ngoingwa na amemtandikia mama yake kitanda. Si mbali. Mama alikataa. Akiulizwa sababu, alisema Wekesa anajua mlango huu tu, na akibanwa zaidi alitaja sinema. Kama yule mzee angehama, si mwanawe angempoteza kabisa?

Jumanne Nanjala alinifuata dukani. Hakutaka hata kiti.

"Uncle, hiyo story ni wewe ulimwekea kwa kichwa," aliniambia. "Mimi hanisikii. Uende umtolee, kabla wamwangushie nyumba."

Nilimwambia nitafikiria, yaani sitaki.

Halafu Jumatano nikasoma kwenye simu, chini ya picha ya ile sinema, kwamba Mzee Mvua amefariki, na ndipo nikajua alikuwa nani. Alizaliwa katika mji wa migodi, akaacha shule mapema, akaanza kwa kubeba nyaya katika kituo cha televisheni. Alitengeneza sinema fupi za wasafisha samaki na za walimu waliochoka. Ndugu yake mkubwa alipotea wakiwa vijana, na baba yao alimngoja mpaka akafa akingoja. Ndiyo maana alitengeneza ile sinema. Wenye pesa walimtaka aubadilishe mwisho, kijana aonekane japo kwa mbali. Alikataa. Wakaiondoa kwenye kumbi baada ya wiki chache, na aliyetakiwa kugharamia sinema iliyofuata akajitoa. Hakupata nyingine kubwa tena. Miaka yake iliyobaki alifundisha vijana chuoni na kulima vitunguu nyuma ya nyumba.

Hapo penye kukataa nilipasoma mara tatu. Mtu alipoteza kazi ya maisha yake ili asiziguse dakika tano. Mimi nilizibadilisha kabla soda yangu haijaisha.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikampigia Nanjala nikamwambia Jumamosi twende.

Leo asubuhi Mama Wekesa alitupikia chai, mafundi wakigonga juu ya chumba cha jirani. Nilimweleza yote, nikiangalia sakafu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Sasa niambie vile huyo mama alisema kabisa. Kwa ile sauti yako."

Nikasema. Nilimpa maneno yote kama yalivyokuwa, bila maikrofoni.

"Na mzee alijibu aje?"

"Hakujibu, mama."

Alizungusha vidole kwenye kikombe. "Kwa hivyo Wekesa alikufa, DJ?"

Nilipaswa kusema neno. Sikulisema. Niliangalia chai yangu, na yeye akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyekwisha jibiwa.

Akamgeukia binti yake, akaongea Kibukusu kwa muda mrefu. Niliambulia jina la Wekesa tu. Nanjala alilia, akaanza kukunja mablanketi. Hakunitafsiria, nami ningethubutuje kuuliza? Kufikia saa sita chumba kilikuwa kitupu na vitu viko kwenye pikapu. Nanjala alinishika mkono kwa mikono miwili. "Asante sana, Uncle. Umetusaidia." Mama hakuniaga.

Niliondoka nikijiona mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani nilipolikumbuka lile swali la mama.

Kijana wa kwenye sinema ya Mzee Mvua alikufa. Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Lakini Wekesa? Wekesa sijawahi hata kumwona. Hakuna mtu, si polisi, si jamaa, si rafiki, aliyewahi kumwambia mama huyu kwamba mwanawe amekufa. Nimemwambia mimi, leo, kwa kunyamaza. Mara ya kwanza nilimpa mtoto anayerudi na leo nimempa maiti, na mara zote mbili sikuwa najua lolote.

Nimemwambia mke wangu. Amemwita Mungu kwa Kikikuyu, "Ngai, wewe," kisha akaenda jikoni.

Ploti wanaimaliza Jumatatu. Kesho nikitoka kanisani nitapita Gatongora nimwachie mlinzi namba yangu ya simu. Nitamwambia akija mtu kumuulizia mama wa chumba cha mwisho, ampe hiyo namba haraka. Ataniuliza ni mtu gani. Nitamwambia anaitwa Wekesa, na kwamba mama yake ameambiwa amekufa.