Shikamoo Niliyompa Mjukuu

Mdogo wangu Prisila,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Joto la Ifakara litanimaliza. Kwa mwanangu amepanga binti wa Korea, rika la mjukuu wangu, aliyekuja kufanya mazoezi ya ualimu shule ya hapa. Juzi alikuwa analia na kufunga begi arudi kwao, kwa sababu wanafunzi wanacheka Kiswahili chake. Nikamsihi aende tena, nami nikamtangulia darasani niwatie adabu wale watoto, nikaketi nyuma. Alipoingia, wote wakasimama. Na mimi, bibi mzima, nikasimama nao nikapaza sauti: “Shikamoo mwalimu!”

“Marahaba, bibi,” akajibu.

Darasa likaangua kicheko, naye akacheka mpaka akashika meza. Begi kalifungua. Anayetaka kutoroka sasa ni mimi, kila nikipita watoto wanapiga kelele: “Bibi, umechelewa shule!”

Unywe dawa zako za presha, mpenzi, na ole wako unicheke.

Dada yako,
Felista