Kilichompata Baba Mkubwa Kule Mtoni

Jhansi,
4 Juni 1996

Mpendwa Dada Nirmala,

Baba yako hakuteleza. Nilimpiga mimi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, na naandika haraka, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Sasa nikusalimu ipasavyo. Hujambo dada yangu? Kifua kimepona? Shemeji Harnarayan na mtoto Guddi wanavumiliaje joto la Surat? Sisi wazima, isipokuwa hilo. Mtihani wa mwisho nimefaulu, shule nimeiaga.

Jumamosi tulikwenda kijijini kupumzika kando ya mto Betwa. Baba na baba mdogo walivuka kwenda kununua matikiti kwa wakulima wa mchangani. Tulibaki mama, mama mdogo, mdogo wako Kusum, mimi na baba yako. Tulikuwa tunafua mablanketi juu ya mawe, tunarushiana maji. Ndipo baba yako akaanza habari za yule mkandarasi aliyefiwa na mke, anayemtaka Kusum.

"Ana nyumba ya ghorofa. Unataka nini tena?"

"Ana binti aliyenizidi umri, baba. Ukiona anafaa, olewa naye wewe."

Mama mdogo aliangua kicheko ndani ya mtandio. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomchoma.

Alimshika mdogo wako kwa msuko, akampiga makofi mpaka pua ikatoka damu, akamburuta majini. "Leo nakuzamisha na huo mdomo wako!" Akamkandamiza kichwa chini ya maji. Akamtoa, akamzamisha tena. Mara ya tatu miguu ya Kusum ikaacha kupigapiga.

Unajua kwa mila mama hawezi kusema na kaka wa mumewe, wala kumgusa, wala kumwonyesha uso. Aligongesha bangili zake za kioo kwenye ndoo mpaka mbili zikapasuka na kumkata. Kisha akanigeukia: "Sarla! Mwambie baba yako mkubwa anaua mtoto! Mwambie!"

Nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Unanijua, hata jina langu likiitwa darasani nilishindwa kuitika. Lakini rungu la kufulia lilikuwa mkononi. Nilimpiga nyuma ya sikio. Kabla hajageuka nikampiga tena, akaanguka kifudifudi juu ya jiwe na meno yakamtoka.

Dada, nilikuwa nimeshaliinua mara ya tatu. Hilo linanitisha kuliko yote.

Mama alininyang'anya rungu. Kusum alikuwa anatapika maji, hakuona kitu. Baba na baba mdogo waliporudi, walimkuta mama anapiga blanketi kwa rungu lile lile, na povu lilikuwa jekundu.

"Ameteleza," mama alisema.

Baba mdogo akamuuliza mkewe, "Na wewe umeona nini?"

"Nilikuwa nimejifunika uso, ningeonaje?"

Tangu siku ile mimi na mama hatujalitamka.

Baba yako yuko hospitali. Ameshonwa nyuzi kumi na moja na sikio moja halisikii. Hakumbuki kilichomwangusha. Ila jana, kwa mdomo uliovimba, alimwambia baba: "Jumapili nikitoka, ya Kusum nayamalizia." Nilisikia mwenyewe, nilikuwa nimeshika bakuli la uji wake.

Naomba uje kabla ya Jumapili. Sema Guddi anaumwa na unahitaji msaidizi, wamruhusu Kusum aondoke nawe. Sijui kama nitakuwa na nguvu ile tena, na sitaki kuwa nayo.

Ukinichukia kwa ajili ya baba yako, nitakuelewa. Mchukue Kusum kwanza, kisha unichukie.

Bibi anakusalimu, na mama mdogo pia. Mbusu Guddi. Mungu awalinde nyumbani kwenu na njiani.

Tafadhali, hata shemeji asijue. Na usinijibu neno juu ya haya, kwa maana baba huzisoma barua zako kwa sauti uani, watu wote wakiwa wamekaa. Niulize tu habari za afya.

Mdogo wako akupendaye,
Sarla