Kibanda cha Mama Si Kizuizi

Dada Nekesa,

Nimekasirika, na nakuandikia sasa hivi kwa sababu hasira ikipoa nitakusamehe tena, kama kawaida yangu.

Unakumbuka ulipopata ile kazi ya kuifundisha kompyuta kuona? Kutwa ulikuwa unachora miraba kuzunguka vitu kwenye picha za barabarani na kuvipa majina, ili magari ya ng'ambo yajue mtu ni yupi na ukuta ni upi. Ukirudi hapa mtaani kwetu Huruma ulituchora hata sisi, kwa kidole hewani: mtu, mtu, ndoo, mbuzi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha ikaja picha ya mtaa wetu. Ulikitambua kibanda cha Mama, mwavuli ule ule, sinia ile ile ya dagaa wa omena. Lakini kompyuta haikuwa na jina la kibanda. Ilikupa uchague: takataka au kizuizi. Ukachagua kizuizi, ukaja kutusimulia ukijisifu kwamba umemtetea. Siku hiyo Mama hakucheka. Alikuuliza, "Kwani mimi nimemzuia nani?"

"Ah, mathe, hiyo ni job tu," ukamjibu.

Ingekuwa kazi tu ningenyamaza. Lakini umehamia upande ule mwingine wa jiji, na jana ulimpigia Mama kumwambia hutamleta mtoto wako Krismasi, eti umeiuliza simu ikasema Huruma si salama. Wewe? Uliyezaliwa hapa, ukanibeba mgongoni kwenye matope haya haya kunipeleka nasari? Unaiuliza mashine habari za kwenu, na mashine yenyewe ni nyinyi mlioifundisha. Wizi upo, sikatai. Ulikuwepo hata tukiwa wadogo, na tulijua njia ya kupita na watu wa kupita nao.

 Mama aliweka simu chini akaendelea kupima omena. Jogoo aliyemchagulia mjukuu wake bado amefungwa mguu pale kwenye stuli, na kila mteja anayeuliza bei anaambiwa huyo ana mwenyewe. Inaniuma, Nekesa. Inaniuma sana.

Mlete mtoto. Na kama njia umeisahau, usiiulize simu. Ukishuka matatu pale steji, mwulize yeyote, kwa Mama Nekesa ni wapi. Atakuonyesha kile kizuizi chako. Hapa mtaani hakijawahi kuitwa kwa jina lingine ila lako.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba,
Wafula