Bitabu Bile Bingali Bel-Air

Muzee,

Banakuita mwizi. Ningependa nianze na habari ingine, lakini ingine haiko. Tangu tukuzike, kule fakilte ya université banasema tu: Prof aliiba bitabu bya bibliothèque, maktaba yabo. Tena banaosema njo bale bale balijifungia mu manyumba yabo siku basoda, baaskari ba serikali, balikuwa banapora muji, wakati weye na miye mwanafunzi wako tunabeba makartoni ya bitabu mugongoni mpaka kwako Bel-Air. Basoda balikuwa banang'oa hata milango. Bitabu bya comptabilité, bya hesabu ya mali, bya bei, bya kuendesha biashara, byote bingalichomwa kupikia bukari, ugali wetu. Ulisema, “Tubiweke kwangu mpaka muji utulie.” Muji haujatulia, na weye umeenda.

Unakumbuka saloni yako, ile sebule ya nyumba? Banafunzi balikuwa banakaa chini, mama, muke wako, anapita katikati yabo na sufuria, anakasirika, anasema, “Siku moja mutakula hibi bitabu!” Ulikuwa unabatuma: soma kwanza namna kitabu kinaeleza bei ya unga kupanda, kisha uende uulize bamama ba soko, halafu urudi ufungue tena kitabu, uone wapi kilikosea. Pale njo nilijua recherche, utafiti, ni kitu gani. Mushahara wako haukuya, na weye ulikuwa unacheka tu. Eh, Muzee, nakukumbuka sana.

Kilio cha kukuzika kilipoisha, mama alitaka jina lako lisafishwe. Nikarudisha kwanza bitabu bya pousse-pousse moja, mukokoteni muzima. Mukubwa wa département yetu pale fakilte alipokea na mikono miwili, akanisifu. Bitabu habikufika bibliothèque. Bilienda kwake. Kisha siku kidogo banafunzi bakaambiwa kila mumoja anunue syllabus yake, kitabu cha masomo alichotoa yeye, asiyenunua asikaribie examen, mutihani. Niliifungua. Yote ilitoka mu bitabu bile, page kwa page, hata makosa ya imprimerie, ya kuchapa, na jina lake juu. Mutu anakuita mwizi mbele ya bantu, huku anauza kile uliokoa weye!

Nilimuonyesha mama. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akanituma niite banafunzi barudi kusoma. “Bile bilibakia bikae hapa,” akasema. “Ba fakilte bakiuliza, sema hatuna kitu. Bamuite tu mwizi.” Alisema vile akilia, juu yeye njo anapita sokoni bantu bananong'ona. Kanisani pia banasogea mbali kidogo akikaa.

Ningeweza kusimama mbele ya fakilte niseme ukweli. Lakini siku nitasema ulibiokoa, siku ile ile batakuya kubibeba, na syllabus ingine itatoka. Kwa hiyo nanyamaza. Inaniuma kukuandikia hivi, juu weye haukuchukua hata bic ya kuandikia ya fakilte.

Saloni inajaa tena. Jana kijana mumoja, kitabu kikiwa wazi kwenye magoti yake, aliniuliza kama kweli uliiba. Mama alikuwa mulangoni, ananiangalia. Sikukutetea, Muzee. Nilimuambia, “Soma.”

Lala salama. Nakuahidi kitu kimoja: miye nikiwa muzima, hakuna mwanafunzi wa saloni yako atanunua syllabus ya yule mutu. Na siku bibliothèque itapata mulango wenye kufunga, nitabirudisha kimoja kimoja mbele ya macho ya fakilte yote, nikitaja jina lako. Mpaka pale, Muzee, kubali tu kuwa mwizi wetu.