Ekuteri za Papa na wimbo uliosimama

Jumapili, jioni inaingia. Mvua ilianza kabla ya misa na imekatika sasa hivi tu. Bagira, mtaa wetu, yote ni tope, na moyo wangu nao hauna tofauti. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Papa, baba yangu, ni Maestro wa kwaya ya parokia yetu. Ndivyo tunavyomwita anayeongoza, na yeye ameongoza tangu kabla sijazaliwa. Mama alipofariki, tulidhani angepumzika kidogo. Wapi! Wiki hiyo hiyo alikuwa kwenye repetisyo, mazoezi ya kwaya, anawafokea tenor. Watu wengine humpigia Mungu magoti, Papa humpungia mikono.

Masikio yake yalianza kumtoroka mwaka jana. Alto tukishuka, hajui. Soprano wakipanda mpaka darini, anatabasamu. Mashine halisi ya masikio tuliambiwa lazima iagizwe mbali sana, tukaacha kuizungumzia. Kwaya ilivumilia kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hakufundishwa solfa na yeye. Ila majuzi Maman Presidenti, anayesimamia kamati ya kwaya, aliniita pembeni.

"Nsimire, tutangoja sikukuu ya parokia. Kama Papa anaweza, Mungu asifiwe. Kama hawezi, kwaya tutamupa Déo, ule wa pili wake."

Sikukuu ya parokia ilikuwa leo.

Ndiyo maana Ijumaa, nikitoka kazini Ibanda, nilisimama kwa muuza simu. Mwenzangu wa ofisini alikuwa amenionyesha kwamba simu inaweza kuwa sikio: unaiweka karibu na anayesema, nayo inatuma sauti kwenye ekuteri zisizo na waya, zile za kuvaa masikioni, ikiwa imeongezwa nguvu. Muuzaji hakuwa na shaka hata chembe. "Maman, hii iko original. Muzee atasikia mpaka nzi inapita."

Nilitaka kuamini. Nikaamini.

Nyumbani nilimvalisha Papa vile vidude viwili vyeupe, nikaiweka simu mezani, nikaenda jikoni na kuita kwa sauti ya kawaida tu. Akageuka! Akasema, "Kumbe mulango yetu inaliaka hivi?" Akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, anacheka peke yake. Nilimwimbia ubeti mmoja wa Utukufu, ule tuliotarajia kuuimba kwenye sikukuu, na machozi yakamtoka. Mimi pia nililia. Kwa siku mbili nyumba hii ilikuwa na furaha ya kijinga, na sikumwambia maneno ya Maman Presidenti. Ya nini, wakati dawa imepatikana?

Kosa letu ni kwamba Papa alikuwa anasikiliza tu. Hakuna aliyefikiri kujaribu akiwa anaongoza.

Leo asubuhi aliiweka simu kwenye kimeza cha nota, mbele ya soprano, akainua mikono. Bwana Utuhurumie ulipita salama, kwa sababu wenyewe ni wimbo wa polepole. Nikamwona Maman Presidenti akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kumshukuru Mungu mapema.

Halafu ukaja Utukufu, na ngoma, na wasichana wadogo wanaocheza mbele ya altare.

Tulianza vizuri. Kwenye ubeti wa pili mikono ya Papa ikawa mizito. Alikuwa kama anatungoja, na sisi tulikuwa tumeshafika. Sasa, kwaya yetu ina sheria moja ambayo Papa ametupigia kelele miaka yote: macho kwenye mikono ya Maestro, siyo kwenye ngoma, siyo kwa jirani yako. Mikono ikapunguza mwendo, na sisi, watoto watiifu, tukapunguza. Yeye akasikia tumepunguza, akapunguza zaidi. Mpiga ngoma alinitazama mimi, akamtazama Déo, akakata tamaa. Wasichana wa mbele walibaki na mguu mmoja juu, hawajui waushushe lini.

Papa akafoka, na mwenye ekuteri hapimi sauti yake, kanisa zima lilisikia: "Ba basse, muko nachelewa! Munasinzia?"

Ba basse, wale wa sauti nzito, hawakuwa wamechelewa. Mimi nilikuwa pale. Walikuwa wanamfuata yeye kwa heshima yote, na heshima hiyo ndiyo iliyouua wimbo. Ulizidi kupungua mpaka ukasimama wenyewe, katikati ya mstari. Padri alivumilia kidogo, kisha akasema, "Tuombe." Hatukufika hata kwenye Amina.

Baada ya hapo Papa alishusha mikono na kukaa. Déo, aliye wa pili wake, akatoka kwa tenor na kuongoza mpaka mwisho bila kuinua macho. Nilikuwa na hasira na Déo kwa jinsi tulivyoimba vizuri.

Nje, chini ya mwavuli, ni yeye huyo Déo aliyenieleza. "Si kosa ya Papa, dada Nsimire. Sauti inapita kwanza mu telefone, njo inafika mu masikio. Inakuwaka na retard." Kwa mazungumzo ya kawaida, ucheleweshaji huo mdogo haumsumbui mtu. Kwa anayeongoza kwaya, ni sumu. Basi Papa bila ekuteri hasikii, na akiwa nazo anasikia kitu ambacho kimeshapita. Nimelizungusha jambo hili kichwani mchana kutwa, sijaona mlango wa tatu.

Tulipofika nyumbani nilimweleza, mdomo kwenye sikio lake. Alielewa haraka. Alizivua, akazirudisha kwenye kisanduku chake, na uso wake ukafunguka kabisa, jambo lililoniumiza kuliko kama angelia. Kosa lilikuwa la vidude! Si lake! Sikuweza kumwambia kwamba si la vidude peke yake.

Alasiri Maman Presidenti na Déo walikuja na mkungu wa ndizi. Nilipouona tu huo mkungu nilijua wamekuja kumwachisha kwaya. Walikaa, wakanywa chai, wakaulizia ndugu zetu wa Nyantende. Kwetu neno zito haliletwi kwa mzee kwa kelele. Unainamisha kichwa, unashusha sauti. Maman Presidenti amelelewa vizuri tangu kwao, akashusha sauti yake hata mimi nikalazimika kusogea.

"Papa Maestro, kwaya inakupenda sana. Tuliona upumuzike. Déo atabeba kwaya. Weye utakuwa Maestro wa heshima, kiti yako itabakia mbele, hakuna mutu atakaa pale."

Maneno mazuri. Nadhani aliyatafuta njia nzima.

Papa alimtazama mdomoni kwa tabasamu, akitikisa kichwa kila Maman Presidenti alipopumua, kama anavyofanya siku hizi kwa kila asichosikia. Alipoona amemaliza, alisimama na kumshika mikono yote miwili.

"Aksanti sana, Maman. Aksanti kuja kunipa moyo. Alhamisi kwa repetisyo nakuya bila ile vidude. Nitaangalia midomo. Mutaona."



Déo aliangalia viatu vyake. Maman Presidenti aliniangalia mimi, na kwa macho yake akanikabidhi kazi yote. Ningeweza kusema pale pale, mbele yao. Sikusema. Niliwasindikiza mpaka barabarani, tukaongea kuhusu mvua, tukaagana.

Sasa Papa yuko chumbani, mbele ya kioo cha kabati. Ameinua mikono, anafungua na kufunga mdomo bila sauti, anajisoma midomo mwenyewe. Anaongoza Utukufu wote, mpaka Amina, na mwendo wake hauna kosa hata moja.

Wao walilisema neno lile kwa adabu, kwa sauti ya chini, wakaenda zao. Mimi nitalazimika kulisema kwa kelele, na kulirudia, mpaka mtaa mzima ulijue kabla yake.

Leo sina sauti hiyo. Kesho sioni nitaitoa wapi.